Saini ya Bi Ummi

Katika miaka kumi na miwili ya kazi, kwanza ya ulinzi na sasa ya upelelezi kwa ofisi ya wakili Marcelline kule Braamfontein, Pacifique alikuwa amehoji walevi, mapacha na padri mmoja. Pazia hakuwahi kulihoji.

Lilikuwa pazia la kijani, limefungwa ukuta hadi ukuta katika chumba cha mbele cha fleti ya ghorofa ya pili, Fordsburg, Johannesburg. Upande wa Pacifique kulikuwa na kiti, chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua. Upande wa pili alikaa Bi Ummi Bakiri, aliyemwita. Katikati, mgongo ukutani, alikaa jirani yake Bi Biubwa, mama mtu mzima wa Tanga, na ilikuwa wazi kwamba hapiti mtu mbele yake.

"Kula, mwanangu," alisema Bi Biubwa. "Maswali hayapoi."

Pacifique alishukuru, akala kimoja, akafungua jalada. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne Septemba 2017. Kesho yake saa kumi jioni ofisi ya elimu ya wilaya ingefunga orodha ya watahiniwa wa matriki, mtihani wa kumaliza sekondari. Fauzia, binti wa Bi Ummi, alikuwa na nafasi ya kusomea uuguzi kuanzia Januari, ila ilimpasa afanye masomo yote saba mwaka huo. Kwenye orodha ya shule alikuwa na matatu tu. Manne yalikuwa yamesukumwa hadi Juni mwaka ujao.

"Kuna huu mpango wa serikali," Pacifique aliliambia pazia. "Mtoto aliyepandishwa darasa bila kufaulu vizuri anaweza kuugawa mtihani mara mbili. Lakini ni kwa hiari, na mzazi sharti aelezwe kwanza. Fomu ya shule inasema mama alielezwa akakubali."

"Fauzia alianguka mwaka aliokuwa akimpeleka baba yake kusafishwa figo," sauti ya Bi Ummi ilisema. Ilikuwa sauti ya chini, isiyo na haraka. "Mwaka huu hakuanguka. Mtihani wa majaribio amefaulu masomo matano. Mimi nikubali nini?"

"Inasema ulifika shuleni Jumanne tarehe ishirini na tisa Agosti, saa tano na nusu asubuhi. Ukakaa nusu saa ofisini kwa naibu mkuu wa shule, Mista Ledwaba, wewe na yeye peke yenu. Ukasaini."

Bi Biubwa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Peke yao," alisema. "Wewe umekuja kumsaidia na umewekewa pazia. Huyo naibu ana nini hata akae naye nusu saa?"

"Nielezeni, mama. Sisi kwetu Butembo, kule Kongo, hatuna hii."

Bi Biubwa alimweleza. Ishaka, mume wa Bi Ummi, alifariki tarehe kumi Juni, katikati ya Ramadhani. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi wa angani. Hatoki, hajipambi, hakai na mwanamume asiye maharimu wake. Hata Idi ya majuzi alisikia takbiri za msikitini akiwa dirishani.

"Hawezi kutoka hata kwa dharura?"

"Kwa dharura angetoka. Angeumwa angekwenda hospitali. Ila karatasi ya shule ina miguu, ingeweza kuja hapa."

Pacifique aliandika, kisha chini yake akaongeza: *Eda peke yake haitoshi. Watasema ilikuwa dharura.* Akauliza ni nani mwingine anayejua mambo ya Fauzia shuleni.

Bi Biubwa alitazama pazia kabla ya kujibu.

"Baba yake mdogo. Burhani. Ana duka la vitambaa pale plaza. Alitaka Fauzia aache shule amshikie duka. Tukamkatalia."

"Alikuwa na huzuni ya ndugu yake," Bi Ummi alisema. "Usimwandike vibaya."

Pacifique alipitisha hati ya kumruhusu wakili kushughulikia kesi. Mkono ulitoka kando ya pazia, mkono usio na hina wala bangili, ndani ya kanzu nyeupe ya pamba isiyo na urembo wowote. Kalamu ilisikika ikienda polepole. Karatasi ikarudi.

"Mungu akulipe," sauti ilisema. "Hukutuona, na umekuja."

*

Shule ya Oakmere ilikuwa upande wa mashariki, karibu na Kensington, mabasi mawili kutoka Fordsburg. Fauzia alisoma huko kwa sababu shule tatu za karibu na nyumbani zilimwambia zimejaa, siku hiyohiyo zilipokuwa zikiandikisha wengine.

Getini alikuwapo Joël, kijana wa Bukavu, ambaye Pacifique aliwahi kulinda naye duka moja la fanicha.

"Grand Paci, kaka mkubwa. Umerudi kazini kwa wanadamu?"

"Nimerudi kwako. Nataka kuona kitabu cha wageni cha mwezi wa nane."

"Eish. Kile kitabu ni mali ya shule."

"Mimi sikigusi. Kishike wewe, ufungue wewe. Mimi nina macho tu."

Joël alitazama majengo, akatazama barabara, akafungua. Mlinzi anayejua kazi yake humwandika kila anayeingia, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na mwanafunzi anayefuatwa. Joël alikuwa anajua kazi yake. Tarehe ishirini na tisa Agosti kulikuwa na wageni sita. Wanaume wanne: fundi wa mabomba, dereva wa mikate, mkaguzi wa vizima moto na mmoja mwingine. Wanawake wawili, wote walimu wa shule jirani, walioondoka kabla ya saa tatu.

Yule mmoja mwingine aliandikwa hivi: Burhani. Mwanafunzi, Fauzia Ishaka. Kuingia, saa nne na dakika arobaini. Kutoka, saa tano kasoro tano.

"Unamkumbuka?"

"Yule wa vitambaa? Namkumbuka. Alitoka amekasirika. Alikuwa anasema peke yake, kama mtu aliyegombana na mkewe."

"Na mama je? Mwanamke wa Kiislamu, saa tano na nusu?"

"Mzee, mwanamke akipita hapa bila kuandikwa mimi nafukuzwa. Hakupita."

Pacifique alimwomba apige picha ukurasa ule kwa simu yake mwenyewe na aihifadhi. Kisha alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti sana, Joël. Hujui umefanya nini."

"Najua," alisema Joël. "Huyo msichana huwa ananisalimia. Wengine hupita kama mimi ni nguzo."

*

Sasa alikuwa na mwanamume aliyefika shuleni siku ileile, na sababu ya kutaka mtihani ukwame. Pacifique alimkuta Burhani plaza, nyuma ya marobota ya satini, akimkatia mteja mita nne. Pembeni kulikuwa na kitambaa cha kijani, jora moja na lile pazia.

"Ndiyo, nilikwenda," Burhani alisema alipoulizwa kuhusu tarehe ile, hata kabla ya kukaa. "Shule ilituma ujumbe kwa simu ya shemeji: njoo leo kabla ya saa sita. Atakwendaje? Nikafunga duka nikaenda mimi."

"Ukasaini."

Burhani aliweka mkasi chini.

"Bwana, mimi nilipaza sauti kumtaka binti wa marehemu ndugu yangu akae dukani. Nilikosea, na nimekwishaomba radhi. Lakini kusaini jina la mjane wake, hapana. Nilimwambia yule dada wa ofisini, Denise: mama amefiwa na mumewe, hatoki nyumbani mpaka Oktoba, nipeni karatasi nimpelekee asome. Akaandika kwenye daftari. Akaingia kwa naibu, akatoka, akasema karatasi hazitolewi. Nikaondoka."

"Niandikie jina la shemeji yako hapa."

"Unanipima?"

"Nakupima."

Burhani aliandika nyuma ya stakabadhi: *Ummi Bakiri*. Pacifique aliiweka juu ya kaunta kando ya hati iliyotiwa saini nyuma ya pazia. *Ummi Bakiri*, herufi moja moja, kama anayepanda ngazi. Kisha akaweka nakala ya fomu ya shule. *Mrs U. Ishaka*, kwa mkono wa haraka, wenye mkia mrefu mwishoni.

Burhani aliisoma, akaisoma tena.

"Nani huyu Misisi Ishaka?"

"Shemeji yako, kwa mujibu wa shule."

"Ishaka ni mumewe, si baba yake. Kwetu mwanamke haolewi pamoja na jina lake. Ana miaka ishirini ya ndoa, hajawahi kuitwa hivyo hata kwenye bili ya umeme."

Pacifique alikunja karatasi zote tatu. Mtu wa nyumba ile, hata akitaka kughushi, angeandika jina analolijua. Aliyeandika fomu alikuwa ametazama jina la binti, akadhani mama ni lilelile.

"Nisamehe," alimwambia Burhani. "Njiani nilikuwa nimekwisha kukufunga."

"Umefungua, basi imekwisha. Subiri." Burhani alikata mita mbili za kitambaa cha buluu, akakunja. "Mpelekee mkeo. Usikatae. Watu kama nyie hatuwaoni kila siku."

*

Ijumaa asubuhi Mista Ledwaba alimpokea bila kumwambia akae. Pacifique alikaa. Ofisi ilikuwa safi. Ukutani kulikuwa na mchoro wa nguzo za rangi za kiwango cha kufaulu matriki: mwaka wa kwanza nguzo fupi nyekundu, hamsini na nane kwa mia. Ya pili manjano. Ya tatu kijani, themanini na tatu. Pembeni yake kikombe cha dhahabu kwenye kabati la kioo.

"Wakili wako ameandika barua kali," alisema Ledwaba. "Kila kitu kilifuata utaratibu. Mzazi alifika, akaelezwa, akasaini."

"Alifika saa ngapi?"

"Kama ilivyoandikwa."

"Mliongea kwa lugha gani?"

"Kiingereza. Sina nyingine ya kuongea na nyie."

"Unamkumbuka?"

"Wazazi ni wengi."

"Huyu alikaa nusu saa kwenye kiti hiki. Mlikuwa wawili tu."

Ledwaba aligeuza kalamu vidoleni. "Namkumbuka. Alikuwa na msiba. Nilimpa pole."

"Alikuwaje?"

"Kama mjane yeyote. Alivaa nyeusi kuanzia juu hadi chini, na shali nyeusi mabegani, imebanwa kwa pini."

Pacifique aliandika neno kwa neno. Alikuwa amewaona wajane hao tangu aje Johannesburg: kwenye teksi, kwenye foleni za benki, mbele ya robot, taa za barabarani, wakisubiri kuvuka, nyeusi mwaka mzima, na watu wakiwaachia njia. Mtu wa hapa akiambiwa mama fulani amefiwa na mumewe, ndivyo atakavyomwona kichwani.

"Shali nyeusi," alirudia. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Bi Ummi anavaa nyeupe, Mista Ledwaba. Tangu Juni. Mjane wao huvaa nyeupe na hukaa ndani. Ulichonieleza ni mjane wa kwenu." Alitoa picha ya ukurasa wa kitabu. "Getini hakuingia mwanamke yeyote baada ya saa tatu. Aliingia shemeji yake, kusema kwamba mama hawezi kuja. Hivyo ndivyo ulivyojua habari ya msiba. Hukumwona. Uliambiwa."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Nje, kwenye meza ya karani, kuchapa kulikuwa kumekoma.

"Shemeji mmoja na mlinzi mmoja," alisema Ledwaba. "Wote wageni. Ofisi ya wilaya itamwamini nani?"

Denise aliingia bila kuitwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkazi wa Eldorado Park, miwani imening'inia kifuani. Alikuwa amebeba daftari la mezani na majalada chini ya kwapa.

"Denise, sijakuita."

"Najua, Mista Ledwaba." Alifungua daftari mbele ya Pacifique, akaweka kidole. Tarehe ishirini na tisa Agosti: *Ami wa Fauzia amekuja. Mama yuko katika maombolezo, hatoki hadi Oktoba. Anaomba karatasi zipelekwe nyumbani. Mista L. amesema hapana.*

Akaweka majalada. Yalikuwa kumi na moja. Pacifique aliyafungua moja baada ya jingine. Fomu kumi na moja za siku moja, za wazazi kumi na mmoja, kila mmoja nusu saa, na wawili kati yao katika nusu saa ileile. Wino mmoja. Mkia uleule mrefu mwishoni mwa kila saini.

"Mkono wa nani huu?"

"Wangu," alisema Denise. "Yeye alinisomea, mimi nikaandika. Watoto wawili wa Kikongo, mmoja wa Malawi. Waliobaki wanatoka kule kwenye vibanda vya reli, wazazi wao hutoka saa kumi alfajiri, hawapokei simu. Hakuna ambaye angekuja kuuliza. Huyu mama peke yake ndiye aliyetuma mtu, na bado tukamwandika."

Pacifique alimgeukia Ledwaba. Naye alikuwa akiutazama ukuta.

"Mwaka wa ile nguzo nyekundu," alisema Ledwaba, "watu wa idara ya elimu walikuja na magari manne. Walikaa nyuma ya madarasa yetu miezi mitatu, wakiandika. Mkuu aliitwa mbele ya wakuu wenzake akajieleze kama mwizi. Shule zilizo mlimani, zenye maabara na walimu wa ziada, huulizwa swali moja na sisi tunaulizwa lilelile: umepata ngapi kwa mia. Basi nikapata."

"Waliandikishwa wangapi darasa la kumi, hawa wa kikombe?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

"Wakakaa kwenye mtihani wangapi?"

Denise ndiye aliyejibu.

"Mia moja na tisa."

"Na walipokuletea kikombe, kuna aliyeuliza wale wengine wako wapi?"

"Hapana," alisema Ledwaba. Aliutazama mchoro wake kwa muda. "Ningekuwa na jibu, ila hakuna aliyeuliza."

"Saa hizi ni saa nne. Saa kumi orodha inafungwa. Nataka barua ya kufuta fomu zote kumi na moja, si moja. Baada ya hapo utaongea na wakili, na utaongea mwenyewe. Hilo la kuandika saini za watu sikuahidi kulificha."

Ledwaba alivuta karatasi yenye nembo ya shule. Aliandika kwa muda mrefu. Denise alisimama kando yake, akipiga muhuri kila barua ilipokamilika.

Pacifique alimsubiri nje ya mlango.

"Nitapoteza kazi," alisema Denise.

"Huenda. Marcelline atakusimamia, nitamwomba leo. Aksanti, dada. Ungeweza kuchana ukurasa ule."

"Mama yangu alivaa nyeusi mwaka mzima," alisema. "Siku ile alipokuwa akisema, yule bwana wa vitambaa, niliona aibu. Ndiyo maana niliandika kila neno."

*

Ofisi ya wilaya ilipiga muhuri saa tisa na dakika arobaini. Mwanamke wa dirishani alihesabu barua, akahesabu tena, akasema ni mara ya kwanza mwaka huo kuona shule inarudisha watoto. Pacifique alimshukuru, naye akashangaa, kana kwamba dirishani pale hawajazoea.

Fordsburg ilikuwa imekwisha kuswali alasiri alipopanda ngazi. Fauzia mwenyewe alimfungulia, sare ya shule mwilini, kitabu cha bayolojia mkononi. Alipopokea karatasi alizisoma palepale mlangoni, midomo ikihesabu masomo: moja, mbili, mpaka saba.

"Yote, uncle?"

"Yote. Na wenzako kumi."

Alijaribu kusema kwa Kiswahili, kikamkwama, akajaribu Kiingereza, nacho kikamkwama. Akaingia nyuma ya pazia. Ilisikika karatasi ikifunuliwa, kisha sauti ya Bi Ummi ikisema alhamdulillahi mara tatu, kila moja chini kuliko iliyotangulia. Bi Biubwa alikuwa akifunga kitu kwenye mfuko wa plastiki: wali, samaki, na vitumbua vilivyobaki.

"Hivi navyo ni vya upelelezi," alimwambia Pacifique. "Ukivikataa nitakuandika."

"Sivikatai, mama."

"Kaka Pacifique," sauti ya Bi Ummi iliita.

Alisogea karibu na pazia, akasimama hatua moja kabla yake.

"Fauzia amelisikia shuleni lile la kitabu cha getini, akaniambia. Kwamba jina langu halikuwemo, ndiyo maana wamejua."

"Ndiyo, mama. Kutokuwemo kwako ndiko kulikosema kweli."

"Nimebakiwa na siku thelathini na moja. Nikitoka, mitihani itakuwa inaanza. Nitawahi kwenda kaburini kumwombea baba yake, halafu siku ya karatasi ya kwanza nitampeleka mwenyewe. Yule mlinzi anaitwa nani?"

"Joël."

"Mwambie Joël aniwekee mstari. Nataka kuandika mwenyewe. Ummi Bakiri, saa ya kuingia, na mtoto niliyemfuata."